Mkono wa Mwaka Jana

Kila Aprili, kadi mpya ya mahjong, ule mchezo wa kete uliotoka Uchina, ikishafika kutoka kwa chama chake huko New York, sisi wanawake wa jengo letu hapa Florida tunageuka darasa la kwanza. Miwani puani, vidole kwenye mistari, kila mtu analalamika. Mikono, yaani mipangilio ya kete, uliyoizoea mwaka mzima imefutwa yote, na usipopanga kete zako sawasawa na mstari mmojawapo wa kadi ya mwaka huu, hujashinda kitu, hata uzirembe vipi. Aliyetutia adabu hiyo ni Rhoda Feldstein. "Kadi ni kadi," anakwambia, anauua mkono wako mbele za watu huku anakukatia keki.

Mkono ukishauawa, huokoti kete, hutupi kete, na kuondoka huondoki. Unakaa hapo hapo kama mgeni asiyetakiwa mpaka mchezo uishe. Mimi Rhoda aliwahi kuniua siku yangu ya kuzaliwa, mshumaa bado unafuka moshi.

Mwaka huu mambo yakaanza kwenye kupitishiana. Kabla mchezo haujaanza tunapeana kete tatu tatu, kulia, mbele, kushoto, na umbea wa jengo zima unapita humo humo. Jokeri ndiyo haipitishwi kamwe. Ni kete inayosimama badala ya nyingine, nani mwenye akili ataigawa? Jumanne moja, siku yetu ya kucheza, Arlene wa mezani petu akapokea kete kutoka kwa Rhoda, rangi ikamtoka usoni. Mara akapiga sahani ya biskuti na kiwiko, zikamwagika zote. Tulipoinuka kutoka kuokota, jokeri ilikuwa imerudi kwenye kibao cha Rhoda cha kupangia kete, na Arlene anajipepea kwa kadi kama hakuna lililotokea.

Mimi nikanyamaza. Phyllis ndiye asiyenyamaza. Huyu amehamia kutoka Chicago, anakalia kiti cha Marcia tuliyemzika Novemba, na kila ufafanuzi wa sheria ulioandikwa New York anao kichwani. Alinifuata hadi kwenye bwawa, nimesimama kwenye maji ya kifuani na kofia yangu ya maua.

"Estelle, mwenzio anacheza kadi ya mwaka jana."

"Nani huyo?"

"Usinifanye mjinga. Kadi mpya kaiweka mbele yake, haitazami. Mikono anayopanga haipo tena."

"Basi muue, ufurahi."

"Sifurahi. Nataka nijue tu mnacheza nini pale. Mahjong au maigizo?"

Nikaona bora nimwambie. Rhoda ana mtoto mmoja, Barry, yuko New Jersey. Wiki iliyopita alinipigia: "Shangazi Estelle, mama bado anacheza?" Nikamjibu, anatunyoa wote bila maji. Akashusha pumzi. Akasema, kama bado anacheza mahjong, akili ipo, na abaki nyumbani kwake. Akishindwa, kuna mahali ameshapaona karibu na kwake, ni pasafi, wauguzi ni wapole. Milango inafunguliwa kwa namba ambazo wakaazi hawaambiwi.

"Na anakuja Pasaka," nikamalizia. "Jumanne atakaa nyuma ya kiti chake, aone."

Phyllis akavua miwani yake ya jua, akaifuta kwa taulo lililolowa, ikazidi kuchafuka.

"Huko wanacheza?"

"Wanapaka rangi vitabu vya watoto."

"Haya," akasema. "Mimi macho yangu mabovu. Sijaona kitu."

Jumanne Rhoda alishuka kapaka rangi ya midomo, mkufu shingoni, Barry nyuma yake amebeba mkoba. Na alikuwa moto! Alitusimulia Bwana Lefkowitz wa ghorofa ya nne, aliyewaalika wajane wawili chakula cha jioni kimoja kwa kusahau. "Hakusahau," nikamwambia, "alibana matumizi." Rhoda akacheka hadi akashika meza. Barry naye akacheka. Nikawaza, Mungu wangu, tutavuka.

Kisha Rhoda akainua mikono. "Mahjong!"

Akalaza kete zake. Kila kadi ina mkono unaoandika mwaka wenyewe kwa kete, ile nyeupe tunayoiita sabuni ikiwa sifuri. Rhoda alikuwa ameuandika mwaka jana. Kwa unadhifu kabisa, kete hata moja haikupinda.

Tuliona sote watatu kwa mpigo. Aliyeanza kupiga makofi ni Phyllis.

"Umetumaliza, mwanamke wewe!"

"Kawaida yake!" Arlene akadakia.

Barry maskini hajui sabuni wala jokeri. Akatoa simu, uso unang'aa. "Mama, ni mstari upi? Weka kidole nipige picha, niwatumie watoto."

Rhoda akaweka kidole kwenye kadi. Kikashuka polepole, mstari kwa mstari, hadi chini. Kikapanda juu. Kikashuka tena.

"Barry, mwache mama apumue," Arlene akasema. "Kula keki."

"Wamebadilisha," Phyllis akasema kwa sauti kubwa mno. "Mwaka huu ukitaka ya mwaka jana, ruksa. Niliwapigia New York mwenyewe."

Rhoda akaondoa kidole kwenye kadi. "Phyllis, wewe hata uongo hujui kuutunga." Akageukia kwangu, sauti imeshuka. "Mmeanza lini kuniachia nishinde?"

Mimi ninayeongea hadi na lifti, nikaanza kupanga upya kete zangu.

Akazisogeza zile kete katikati ya meza, akaweka mikono mapajani. "Mkono wangu umekufa. Endeleeni."

"Mama, si mchezo tu?"

"Barry, mkono uliokufa hauongei."

Tukaendelea watatu, zamu ikifika kwake tunaruka. Hakuna aliyetaka kushinda. Nilitupa jokeri, Arlene akatupa kete mbili za maua, Phyllis hakuua mkono wa mtu. Barry akasimama taratibu, akatoka barazani. Kupitia kioo tulimwona anatembea huku na huku na simu sikioni, anatikisa kichwa kukubali, anaandika kitu kwenye kiganja.

Ukuta wa kete za kuokota ukaisha, na ukiisha huo ndio mwisho wa mchezo. Mbele yetu kukabaki kitambaa cha meza na makombo.

Rhoda hakuwa ameinua macho. Alikuwa amekaa wima vile vile, kama sheria inavyotaka.

"Imeisha?" akauliza.

"Bado," Phyllis akasema. "Bado kidogo."

Rhoda akaendelea kukaa.