Koleo la Mdogo

Myeong-sim alikaa kando ya mumewe akimtazama anavyowachomea watu wengine nyama.

Kazi ya koleo na mkasi wa kukatia nyama ni ya aliye mdogo mezani. Gi-baek alikuwa amekaribia miaka hamsini, tena ni meneja, lakini tangu Ma Dong-pil ahamie kiwandani, koleo halikumtoka mkononi. Wawili hao walilingana cheo. Katika ule mzunguko wa miaka kumi na miwili yenye majina ya wanyama, vyeti vya Dong-pil vilisema ni wa mwaka wa Nyani, yaani mdogo wa Gi-baek kwa miaka miwili. Mwenyewe alicheka tu: "Baba alichelewa kuniandikisha. Mimi ni wa Nyoka." Wakati ule wengi walichelewa kuandikishwa, kwa hiyo hakuna aliyebisha. Gi-baek, wa mwaka wa Farasi unaofuata ule wa Nyoka, akaanza kumwita kaka.

Hilo Myeong-sim angelivumilia. Lililomshinda ni la msibani, mama mkwe alipofariki. Gi-baek alikuwa katika nguo za matanga akipokea rambirambi, Dong-pil akamwita kutoka meza ya wageni na kuinua glasi yake: "Mdogo wangu, mimina." Mfiwa hammiminii mtu pombe. Gi-baek alimimina, kwa mikono miwili, kama mdogo anavyommiminia mkubwa.

Siku hiyohiyo Myeong-sim alimsikia Dong-pil akijisifia kwao, Saemgol, alikohama angali mtoto. Saemgol ni kijiji cha nyumba chache, na Myeong-sim alizaliwa humo. Jioni alimpigia mama yake simu, akapata alichokitaka, akanyamaza. Hakumwambia hata mumewe. Alikuwa akingojea karamu hii ya kufunga mwaka, ambako wake hualikwa, na Mzee Tak, mwenye kiwanda, huketi mbali kabisa na mlango, mahali pa heshima.

Mwaka huu mkuu wa kiwanda alikuwa anastaafu. Kauli ya Mzee Tak kila mtu aliijua: wakilingana cheo, mkubwa atangulie. Dong-pil alikuwa amekwisha kujiketisha ubavuni pake.

"Gi-baek, unaunguza, bwana!" alipaza sauti. "Shemeji, hata nyumbani anapika hivi? Pole yako!"

"Nyumbani napika mimi," alijibu Myeong-sim, na meza nzima ikacheka. "Nasikia kwenu Saemgol. Upande wa kisimani au wa kinuni?"

"Kinuni. Kinu chenyewe kilikuwa cha baba. Kumbe unapajua?"

"Basi mama yako ndiye yule aliyekosa maziwa."

Koleo la Gi-baek lilisimama hewani.

"Mimi ni dada yake Man-su, nyumba ya pili kutoka kwenu," aliendelea, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. "Wewe na Man-su mlizaliwa wiki moja. Langoni kwenu wakafunga kamba ya mabua ya mpunga yenye pilipili, kutangaza mtoto wa kiume. Nilichuma moja nikachapwa, ndiyo maana sijasahau. Kisha mama akawanyonyesha wote wawili, huyu ziwa hili, yule lile. Na Man-su, Mzee, ni wa mwaka wa Nyani. Kama huyu ni wa Nyoka, basi mama yangu alikuwa akinyonyesha jitoto la miaka mitatu, na meno yake yote."

Mke wa mhasibu alipaliwa na soju.

"Shemeji, hizo ni habari za zamani," alisema Dong-pil. Masikio yalikuwa yamemwiva. "Mtu huchanganya."

"Mama yupo hai. Nimpigie?" Simu ilikuwa tayari mezani, kando ya vitunguu saumu. "Kila mara humuulizia yule mwanawe wa maziwa. Anasema ulikuwa mlafi."

Mzee Tak alimgeukia Dong-pil, akamngoja aseme: mpigie. Dong-pil alitazama simu, akatazama makaa. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imeishia hapo, mbele ya wavu wa nyama.

Mzee aliweka vijiti vyake chini.

"Dong-pil, mbavu zinaungua. Shika koleo. Gi-baek, njoo ukae hapa ubavuni pangu."

Dong-pil alinyanyuka, akazunguka meza, akalichukua koleo. Gi-baek, mtu mwema kupita kiasi, alifungua kinywa: "Si kitu, kaka, mimi naweza…" Myeong-sim akamfinya paja, naye akaenda kuketi alikoitwa.

Ndipo Myeong-sim alipoinua glasi tupu ya mumewe juu ya moshi.

"Mdogo wangu," alisema, "mimina."

Dong-pil alishika chupa kwa mkono mmoja. Myeong-sim hakuisogeza glasi. Alingoja mpaka Dong-pil akaweka koleo chini na mkono wa pili nao ukaja.