Bastola ya Atakayemlilia Emil

Mtu wa kwanza kumuuliza Verna Hudak habari za bastola alikuwa bado ana udongo wa makaburini kwenye viatu. Alikuwa Ray Pastorek, aliyechimba makaa ya mawe pamoja na marehemu Emil, mume wa Verna, kwa miaka kumi na tisa. Alimfuata Verna pale ukumbini chini ya kanisa, sahani yake imejaa nyama ya nguruwe na pierogi, vile vitumbua vya viazi vinavyochovywa siagi, akainama kwa heshima zote za mtu anayetoa pole.

"Pole sana, shemeji. Emil katangulia tu, sote njia yetu ni hiyo hiyo." Akatafuna, akameza. "Hivi ile Kestrel iko nyumbani, au aliiweka benki?"

Siagi ilikuwa ikimchuruzika kidevuni. Verna aliitazama ikishuka mpaka kwenye kola ya shati.

"Iko nyumbani," akajibu.

Kahawa ilipoanza kumiminwa, walikuwa wameshamuuliza wanne. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama amelala, au kama ana mtu wa kukaa naye usiku huo. Kufa kufaana, wahenga walisema, lakini hata wahenga wangewaacha wafiwa wamalize kula kwanza.

Kestrel ni rivolva ya risasi sita, chuma chake cha buluu iliyokolea hata kinakaribia weusi. Emil aliinunua mwaka 1979 kwa dola mia tatu na kumi. Ilipokuwa ikitengenezwa ilikaa madukani ikipigwa vumbi. Kiwanda kilipoacha kuitengeneza, wanaume wa bonde lile la mashariki mwa Ohio wakaingiwa na wazimu, kila mmoja akagundua kwamba maisha yake yote alikuwa akiipenda. Ikafika elfu moja, ikafika elfu mbili na nusu, na mwaka huu, yenye boksi lake na karatasi zake kama ya Emil, watu waliitajia elfu tisa bila kuona haya. Na bado walikuwa wakitafutana kwa simu asubuhi na jioni, wakipelelezana nani ana nini na nani anaumwa.

Ya Emil haikuwahi kupigwa hata risasi moja. Zaidi ya hapo, silinda yake, ule mviringo unaobeba risasi, haikuwahi kuzungushwa tangu itoke kiwandani. Kwa watu wa klabu yake ya wapenzi wa bastola hilo ndilo jambo kubwa kupita yote. Silinda ikizunguka, kijino cha chuma kilicho chini yake huikwaruza, kikaacha mstari mwembamba kama uzi, na mstari huo haufutiki tena. Wanunuzi huja na kioo cha kukuzia kuutafuta, na wakiupata, bei huanguka zaidi ya nusu. Kwa hiyo kila Jumapili baada ya misa, Emil alivaa glavu nyeupe za pamba, akafungua boksi, akaitazama Kestrel yake, akafunga. Miaka arobaini na mitano. Verna hakuruhusiwa hata kulipangusa boksi vumbi.

Mara moja tu aliwahi kumwomba aiuze. Dada yake Helen alikuwa mgonjwa huko Tucson, na nauli haikuwepo. "Mwakani itapanda," Emil alimwambia. Mwakani ikapanda kweli, na Helen akawa ameshazikwa. Hilo Verna hakulisahau, na sidhani kama kuna mtu mwenye damu angelisahau.

Sasa Emil naye kafa, na siku tatu kabla, hospitalini, alimshika mkono akamwachia neno moja.

"Usiiuze. Mpe mtu atakayenililia."

"Nani huyo?"

"Utamwona tu. Mimi nina marafiki, Verna."

Akamwahidi. Na ahadi kwa mtu anayekata roho si kitu cha kuchezea, hata kama mtu mwenyewe alikuudhi miaka arobaini na minne ya ndoa. Ndiyo maana pale makaburini, padri akisoma, Verna hakuwa akilitazama jeneza. Alikuwa akitazama macho ya watu, jicho kwa jicho, mstari kwa mstari. Yote makavu. Na yake mwenyewe yalikuwa makavu vilevile, jambo lililomtia aibu kuliko yote.

"Lia wewe basi, uichukue, uiuze, utengeneze paa," Irma Sabol alimwambia jioni ile jikoni, akifuta sahani. Irma alikuwa jirani yake tangu ujana, mwanamke asiyemung'unya maneno.

"Nimejaribu, shoga. Hayaji."

"Kwa Emil hata kitunguu kingeshindwa."

Saa kumi na moja hodi ikapigwa. Walikuwa Ray, aliyekwisha kujifuta kidevu, na Clyde Vanscoy, mwenyekiti wa klabu, mmoja wa wale sita waliobeba jeneza. Clyde alileta keki, akaikabidhi kwa niaba ya klabu nzima, akakaa bila kukaribishwa.

"Tumeona tusikuache peke yako, shemeji," akasema. "Siku kama hizi matapeli ni wengi."

"Naona," akasema Irma.

"Watakuja watu hapa watakudanganya. Mimi kwa kuwa Emil alikuwa ndugu yangu, nakupa elfu tatu. Taslimu. Ninazo hapa."

Ray akaruka. "Elfu tatu! Clyde, huna hata haya? Jumamosi umesema mwenyewe elfu tisa ni bei ya kutupa!"

"Jumamosi Emil alikuwa hai!"

"Ndiyo bei imeshuka kwa majonzi?"

Verna akamaliza kukata keki, akaenda chumbani, akarudi na boksi. Pale mezani palikuwa na picha ya Emil ndani ya fremu, ile iliyosimama mbele ya jeneza asubuhi. Clyde akaona nafasi ni ndogo, akaishika picha, akailaza kifudifudi kando ya keki, akapangusa meza kwa kiganja. Kisha akatoa glavu nyeupe mfukoni, akazivaa kidole kwa kidole. Zilikuwa glavu zile zile alizobebea jeneza. Kwenye kiganja zilikuwa bado na alama ya shaba ya mpini.

Verna akaweka kiganja juu ya boksi.

"Kabla hujaigusa," akasema. "Emil aliacha neno. Alisema isiuzwe. Apewe bure mtu atakayemlilia."

Ray akaupinda uso wake ghafla kama aliyeng'atwa na nyuki. "Emil!" akalia. "Emil, kaka yangu! Umeniacha na nani!" Akajisugua macho kwa viganja vyote viwili, na katikati ya vidole jicho moja likabaki wazi, kavu, likilitazama boksi.

"Ray, nikuletee pilipili?" Irma akamuuliza.

"Mimi ni mtu wa kulia moyoni," akasema Clyde kwa haraka. "Kila mtu anajua. Hata mama yangu nilimlilia moyoni."

"Sawa," akasema Verna. "Basi niambieni neno moja tu la Emil. Lolote. Kitu alichosema, kitu kilichomchekesha. Mliketi naye kila Alhamisi kwa miaka ishirini."

Ray akaacha kulia ili afikiri. Clyde akakuna shingo kwa glavu.

"Emil..." Clyde akaanza. "Emil alikuwa mtu ambaye... miaka arobaini na mitano, shemeji! Hakuizungusha silinda hata mara moja! Unafahamu ni mtu wa namna gani huyo?"

"Hata mara moja," Ray akaitikia, na hapo sauti yake ikawa na unyenyekevu wa kweli.

Ndipo Verna alipoelewa. Hawakuwa na neno la Emil kwa sababu Emil hakuwapa. Alhamisi zote zile walikuwa wakiongea habari za chuma hiki, bei yake jana, bei yake kesho. Mumewe alikufa akiamini kwamba hao ndio marafiki, na Emil mwenyewe hakuwa bora kuliko hao.

Alikuwa ametoka kukata keki. Vidole vyake vilinata sukari. Akafungua boksi. Akafunua karatasi ya nta. Akaitoa Kestrel kwa mkono mtupu.

"Shemeji," Clyde akanong'ona. "Shemeji, glavu."

Verna akaielekeza ukutani, akaweka kidole gumba nyuma, akavuta nyundo, kile kichuma kinachogonga risasi. Ka! Silinda ikazunguka. Akabonyeza. Akavuta tena. Ka!

"Usifanye hivyo! Verna! Jamani mwanamke huyu!"

Ka! Ka! Akaendelea mpaka mzunguko ukatimia, kisha akaongeza wa pili kwa ajili ya Helen. Alipoiweka mezani, uzi mwembamba ulikuwa umejichora kuizunguka silinda, unang'aa juu ya ile buluu, hata Irma aliuona bila miwani.

Ray alikuwa ameshaenda mlangoni, anatikisa kichwa. Lakini Clyde Vanscoy alibaki kwenye kiti. Midomo ilimtetemeka. Uso ukamvimba, ukawa mwekundu, na kilio kikamtoka cha kwikwi, kile ambacho mtu mzima hawezi kukiigiza hata akilipwa. Aliinama juu ya meza, mabega yanaruka.

"Miaka arobaini na mitano," akasema. "Maskini. Maskini."

Verna akaisogeza picha ya Emil, akaisimamisha tena ili imtazame.

"Haya, ni yako," akasema. "Umelia. Emil hakusema kilio ni lazima kiwe cha nini. Chukua uende."

Clyde akaivuta kwake kwa mikono miwili, bado analia, na chozi likamdondoka kutoka kwenye pua, likaangukia mtutu. Akashtuka. Akaacha kulia papo hapo.

"Chumvi!" akapiga kelele. "Chumvi hii, chuma kitashika kutu!"

Akalifuta kwa ile glavu ya jeneza, akasugua, akapuliza, akainua mtutu dirishani kuhakikisha. Katika siku ile nzima, kanisani, makaburini na nyumbani, hilo ndilo chozi pekee lililomwagika kwenye mazishi ya Emil Hudak, na halikuachwa hata likauke.