Joto Lililohamia Lemara

Saa kumi na mbili kasorobo jioni Tekla alianza kumimina oili chafu kwenye majiko. Yalikuwa kumi na moja, yamepangwa kando ya meza katika bustani ya nyama choma ya Prosper, Njiro, na kila moja lilikula lita nne. Oili ililetwa kutoka gereji moja ya Themi kwenye madumu ya njano. Tekla aliichuja kwa kipande cha chandarua, akaongeza mafuta ya taa kidogo ili ishike upesi, akafunika, akaingiza karatasi iliyowashwa kwenye tundu la pembeni. Bomba lilikohoa moshi mweusi mara mbili, kisha moto ukatulia na kuanza kunguruma.

Prosper aliyanunua kwenye stoo ya shamba la zamani, juu kwenye miteremko ya Meru, ambako mzungu mmoja alipanda plamu na mafyulisi kabla ya Uhuru. Kila jiko lilikuwa beseni la chuma lenye mfuniko, na juu ya mfuniko bomba linalomfika mtu kiunoni, limetobolewa matundu. Yalitengenezwa ili baridi ya alfajiri isiunguze maua ya miti. Prosper aliona kwenye simu kwamba huko nje watu siku hizi huyaweka uani, wakakaa kuyazunguka na vinywaji vyao. Julai ya Arusha ilikuwa inamfukuzia wateja saa moja ya jioni, nyama ikiwa bado jikoni. Akakodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, akayaleta.

Yaliwaka vizuri tangu siku ya kwanza, ila hayakutoa joto. Moto ulionekana mwekundu ndani ya matundu, lakini ukishika bomba lilikuwa baridi kama mfereji wa asubuhi. Mama mmoja anayefanya kazi kwenye shirika alisahau bia yake juu ya mfuniko kwa nusu saa, na alipoinywa alisema leo angalau wamempa iliyopoa. Wengine walivuta makoti yao, wakaomba bili.

Prosper aliita fundi. Fundi alifungua jiko moja, akalifunga, akafungua jingine. Alisema majiko hayana tatizo. Joto linatoka kama kawaida, ila haliko hapa. Alipoulizwa liko wapi alijibu kwamba hiyo si kazi ya fundi, akakusanya spana zake akaondoka.

Joto lilikuwa Lemara. Tekla alilijua hilo tangu siku ya pili, kwa sababu lilikuwa chumbani kwake.

Alikuwa na miaka ishirini na saba, na aliishi kwenye chumba kimoja cha kupanga pamoja na babu yake mzaa baba, Elirehema, mzee wa miaka themanini na mbili. Kila mwaka kuanzia Juni hadi Agosti vidole vya mzee vilijikunja, vikabaki hivyo, kama vya mtu aliyeshika mpini. Asubuhi Tekla alimfunga vifungo vya shati, akamnywesha chai, akamwachia ndizi zilizokwisha kumenywa, kisha akaenda kazini. Usiku wa siku ile ya pili aliporudi alimkuta babu amekaa kitandani, amevaa shati jingine, limefungwa mpaka shingoni. Pembeni yake kulikuwa na maganda ya ndizi alizomenya mwenyewe.

Mzee alimweleza kwa utulivu. Joto lilianza kuingia saa kumi na mbili. La kwanza lilitokea uvunguni, la pili karibu na mlango, la tatu pale penye ndoo ya maji, mpaka yakafika kumi na moja. Baadaye yakatoka moja moja. Alimuuliza Tekla kama wamezima saa nne, na Tekla akasema ndiyo, saa nne na dakika tano.

Baada ya hapo ikawa desturi. Faudhia, jirani wa chumba cha pili anayeuza maandazi, alileta beseni lake la unga uumuke hapo, kwa kuwa nje ulikuwa unalala tu. Nguo za watoto wa nyumba nzima zikaanikwa kwenye kamba juu ya kitanda. Kuku wa mwenye nyumba alikuja mwenyewe, akatotoa.

"Mzee, ukihama unaniambia mapema," Faudhia alikuwa akisema. "Unga wangu umeshakuzoea, hautakubali mwanamume mwingine."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Alishika kikombe chake mwenyewe, na Jumapili alifungua kitabu cha nyimbo ukurasa baada ya ukurasa, hata kurasa za nyimbo asizozipenda, ili tu azifungue.

Tekla hakusema neno kazini. Prosper alikuwa ametangaza kwamba mwezi ukiisha bila mabadiliko atayauza majiko kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kwa hiyo kila jioni alipoombwa maelezo Tekla alijibu kwamba labda oili ni nzito, labda ni upepo, labda yanahitaji kuzoea mahali. Hakuzoea kusema uongo, na kwa sababu alikuwa mtu wa kuinamisha kichwa hata anaposema kweli, hakuna aliyegundua. Usiku alipozima jiko la mwisho alichelewesha kidogo, dakika tano, mara nyingine kumi.

Kosa lilitoka kwa mzee mwenyewe. Alikuwa Mmeru wa Akheri, na alilelewa akijua kwamba anayekula cha mtu bila kurudisha neno ni mchawi au anaelekea huko. Wiki ya tatu alituma ujumbe kwa dada yake aliyebaki kijijini, akaletewa mkungu wa ndizi. Aliubeba mwenyewe begani, kwa kuwa sasa mikono ilishika, akatembea kutoka Lemara hadi Njiro, akabisha kwenye geti la bustani saa tisa mchana.

Tekla alikuwa akiosha sahani. Alimwona, akamwona Prosper akimpa kiti. Alibaki na sahani mkononi.

Mzee alisema amekuja kushukuru. Joto la hayo majiko analipata kila jioni, limemrudishia vidole, na isingekuwa adabu kunyamaza. Prosper alipokea mkungu kwa mikono miwili. Aliuliza ni Lemara sehemu gani. Kisha akauliza, kwa heshima, mzee anadhani ni kwa nini joto limemchagua yeye.

Mzee alisema hajui, ila majiko hayo anafahamiana nayo. Aliyawasha misimu sita akiwa kijana, pamoja na kaka yake Solomoni. Yalikuwa mia mbili wakati huo. Vibarua waliyaita watoto wa mzungu, kwa sababu yalilishwa kila jioni, na msimu ukiisha yalilala ndani. Miezi ya baridi waliyawasha na kuyalinda mpaka jua litoke, kila mtu na gunia lake mgongoni. Kulikuwa na sheria. Msimamizi alipanga mawe yaliyopakwa chokaa, hatua kumi kutoka kila jiko, na kibarua akishawasha hurudi kusimama nyuma ya jiwe. Mtu aliye karibu na moto husinzia, na anayesinzia huacha moto uzime. Joto lilikuwa la miti. Asubuhi moja walimkuta Solomoni amesimama nyuma ya jiwe lake, ameegemea mti, amekufa kwa baridi. Jiko lake lilikuwa linawaka vizuri. Ule mti ulizaa sana mwaka huo.

"Poleni," Prosper alisema.

Mzee alimshukuru kwa pole, akaaga, akarudi Lemara kwa miguu.

Prosper hakuwa mtu mbaya. Mishahara alilipa kwa tarehe, na mfanyakazi akifiwa alitoa gari. Jioni ile alimpigia simu mama yake, Machame, akamsimulia yote. Mama alimsikiliza, akamwambia jambo hilo ni la kawaida: joto limemfuata mtu aliyenyimwa, na halitarudi mpaka yeye mwenyewe aachilie. Akamwambia la kufanya.

Kwa Wachaga na kwa Wameru ni lilelile. Ukimkosea mtu unamletea jani la isale, na aliyeletewa isale hakatai kusamehe, hata kama ni damu iliyomwagika. Prosper alichuma jani kwenye ua wa jirani yake, ambaye aliipanda isale kwa urembo bila kujua kazi yake, akalifunga fundo kama alivyoelekezwa. Jumapili baada ya ibada alifika Lemara akiwa amevaa koti. Faudhia alimpisha mlangoni na beseni lake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba. Karibu ukae."

Prosper hakukaa. Alinyoosha jani kwa mikono miwili.

"Mzee, nimekuja na isale."

"Naliona," alisema Elirehema. "Kwa kosa gani?"

Prosper alisema kwa kosa lolote lile ambalo mzee ametendewa. Mzee alitikisa kichwa taratibu. Alisema isale haipokelewi kwa kosa lisilo na jina, akamwomba alitaje.

Prosper alitazama sakafu. "Kwa zile hatua kumi," alisema. "Na kwa kaka yako, Solomoni."

"Ulikuwepo wewe?"

"Sikuwepo. Hata baba yangu alikuwa hajaoa."

Tekla alikuwa amesimama karibu na ndoo ya maji. Hakuwahi kuingilia maneno ya wanaume wakubwa, na sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka.

"Babu, usilipokee. Si yeye aliyekosa. Anataka joto tu."

"Najua anataka nini," mzee alisema. "Lakini isale haikataliwi, Tekla."

"Wenye kosa ndio walete."

"Wenye kosa hawakuja. Nimekaa miaka sitini nikiangalia mlango, kama kuna hata mmoja atakayeleta jani. Amekuja huyu."

Alinyoosha mkono, akafungua vidole vyote vitano, akalipokea. Akalichomeka kwenye msumari ukutani. Prosper alisema asante mara tatu. Akaongeza kwamba mzee akaribie bustanini jioni yoyote aote moto bure, na alimaanisha. Alipoondoka Tekla alimfungia mlango, akakaa kitandani kando ya babu yake.

Jioni yake Tekla alisimama mbele ya jiko la kwanza na karatasi mkononi kwa muda mrefu kuliko kawaida. Wateja walikuwa wameanza kuingia. Aliwasha. Aliposhika bomba, kama alivyozoea kufanya, liliunguza kiganja chake. Aliwasha na mengine kumi, na bustani ikapata joto zuri, sawasawa, kuanzia miguuni. Watu walivua makoti, wakaagiza kilo nyingine. Huko Lemara Faudhia aligusa unga wake, akauliza kama mzee amesamehe. Alipoambiwa ndiyo alisema Mungu atamlipa, akabeba beseni kwenda kutafuta mkaa. Kuku aliwatoa vifaranga wake nje, mmoja mmoja.

Jumatano vidole vya mzee vilikuwa vimejikunja nusu. Ijumaa Tekla alimfunga vifungo.

Jumamosi alikwenda naye Njiro, akamwekea kiti karibu kabisa na jiko la tatu, mahali pazuri kuliko pote. Mzee alimshukuru. Alilitazama jiko, kisha akainuka, akakikokota kiti kwa viwiko akirudi kinyumenyume, mdomo ukihesabu. Alisimama alipofika kwenye ua wa michongoma, pale penye beseni la vyombo vichafu. Akakaa. Tekla alikirudisha kiti mbele. Mzee alisubiri aende kuhudumia, akakirudisha kwenye ua.

"Babu, hapa hakuna msimamizi."

"Najua, mama."

"Sasa?"

Mzee alisema akiwa karibu hivyo anaogopa kusinzia.

Tekla aliitwa meza nyingine. Aliporudi kiti kilikuwa kitupu. Jiko la tano lilikuwa limeanza kutoa moshi mzito juu ya meza ya watu waliokuwa wakisherehekea siku ya kuzaliwa, na mzee alikuwa ameshafika hapo. Hakuweza kushika kitu, kwa hiyo aliibana fimbo ya chuma kati ya viganja viwili. Alisukuma kizibo cha tundu la chini kidogo tu, kiasi cha upana wa kucha. Moshi ulikatika. Moto ukawa wa bluu, safi, haujawahi kuwa hivyo tangu majiko yaletwe Njiro.

Prosper aliona kutoka kaunta. Alimwambia Tekla kwamba mzee huyu ni fundi kweli, na amuulize kama anaweza kuja kila jioni. Chakula cha jioni kitakuwepo.

Kwenye meza ya pembeni mwanamume mmoja aliyevaa sweta jeupe alinyanyua mkono.

"Mzee, na huku kwetu ongeza kidogo. Mama anasikia baridi."

"Ndiyo, bwana," alisema Elirehema.

Alikwenda, akafungua matundu mawili, akangoja mpaka yule mama alipoachia shali yake mabegani. Kisha alirudi nyuma, mpaka kwenye ua, akasimama na fimbo yake akiangalia jiko lipi litafuata.