Kuonja Si Kula

Daktari alipogeuza kioo cha kompyuta ili mgonjwa na mke wake waione namba, mke ndiye aliyeiona kwanza. Macho ya fundi cherehani hayapitwi na kitu kilichopinda. Miezi sita ya kuhangaika, na namba ya kipimo cha damu, ile inayopanda ngano ikiingia mwilini, ilikuwa imeshuka kama mtu aliyeshuka ngazi moja akakaa kupumzika.

"Ilitakiwa iwe imeshuka zaidi ya nusu," alisema daktari, mwanamke wa makamo aliyefunga miwani yake kwa kamba. "Ngano inaingia mahali. Nyumbani anapika nani?"

Mume aligeuza shingo taratibu akamtazama mke wake, basi.

Kuna kutazamwa kunakouma kuliko kofi. Fundi, maana hata jirani wa mtaa wa tatu walimwita hivyo, aliukaza mkoba wake mapajani akajisemea moyoni: haya, leo nimekuwa mchawi.

Mumewe naye alikuwa na jina lake la kazini. Kiwanda kizima cha biskuti kilimwita Ulimi. Alikuwa muonjaji mkuu kwa miaka ishirini na mbili, na walisema ukimpa biskuti moja amefumba macho atakuambia ni ya tanuri lipi, na kama siagi ililala nje usiku. Mameneja wangapi walikuja wakaondoka, Ulimi akabaki. Ndiyo maana maradhi yalipomwanza hakuna aliyedhani yanatoka kwenye unga. Nani atamshuku aliyemlisha?

Miaka miwili walizunguka. Dawa ya minyoo mara tatu. Dawa ya amiba. Dawa ya taifodi, kisha ya vidonda vya tumbo, kisha daktari mwingine akasema ni mawazo tu, apumzike. Tumbo linajaa kama mpira, choo hakimpi nafasi ya kufunga mkanda, damu imepungua, na mtu mwenyewe anakonda. Kila miezi mitatu Fundi alipunguza suruali ileile kiunoni, mpaka mifuko ya nyuma ikakaribia kubusiana. Jirani akamshauri aache mkate. Akaacha, akapata nafuu kidogo. Ndipo wakaelekezwa kwa huyu daktari mwenye kamba ya miwani, naye jambo lake la kwanza likawa kumrudisha kwenye mkate.

"Wiki sita, kila siku," alisema. "Ukipimwa ukiwa umeacha, kipimo kitadanganya."

"Daktari, nimekuja kuponywa, wewe unanirudisha kwa adui?"

"Nakurudisha ukamfanye ajitokeze."

Wiki sita hizo Fundi hazisahau. Mume anakula mkate asubuhi, mchana analaani, jioni yuko chooni anamwita mke amletee maji. Kisha damu, kisha mpira mwembamba wenye kamera ukashushwa kooni hadi kwenye utumbo, vikakatwa vipande vidogo vikapelekwa maabara. Jibu likaja na jina: seliaki. Daktari akaeleza kwamba ngano, shayiri na nafaka ya rai zina kitu kiitwacho gluteni, na mwili wa Ulimi ukikiona tu unaanza vita, na vita vyenyewe vinapiganwa ndani ya utumbo wake mwenyewe. Utumbo una vinyweleo kama zulia. Vya kwake vilikuwa vimelala chini. Dawa yake si kidonge. Ni kuacha, maisha yote, hata chembe.

Hata chembe. Neno dogo la kutamka, lakini lilimhamisha Fundi nyumbani kwake bila kuhama. Alinunua sufuria mpya na kikaango kipya. Mwiko aliorithi kwa mama yake aliutoa jikoni, kwa kuwa mti hunywa kila ulichopikia. Chujio la tambi akalitupa. Akajifunza kwamba kiungo cha mchuzi cha pakiti kina ngano, soseji zina ngano, mchuzi wa soya una ngano, hata vidonge vingine vya kikohozi ni vya kuuliza kwanza. Alisimama dukani anasoma maandishi madogo mgongoni mwa pakiti, na foleni nyuma yake inaguna. "Mama, unanunua au unasoma gazeti?" Aliwaacha wagune. Wali, mahindi, viazi, muhogo, ndizi, maharage, samaki: akavizungusha hivyo mpaka yeye mwenyewe akaota ndoto ya andazi.

Na shukrani alizozipata? "Fundi, wali tena?"

Juu ya hayo alikuwapo wifi yake, dada mdogo wa Ulimi, mwuza simu aliyekuja kula nao karibu kila Jumapili, na kila akija ana keki kwenye mkoba. Siku moja Fundi alimkuta anakata keki juu ya ubao wa kaka yake.

"Wifi, si huo."

"Ah, nimekata kipande kimoja tu."

"Hata kimoja."

"Wifi, kwani kaka yangu ni kifaranga? Huyu kakulia mkate."

"Na mkate ndio uliomfikisha hapo. Toa keki yako nje."

Akaitoa, akaila mlangoni amesimama kama mtu aliyefukuzwa, na habari zikatembea kwenye ukoo mzima kwamba mke wa kaka amekuwa askari wa jikoni.

Kwa hiyo mtu aelewe jinsi Fundi alivyotoka kwa daktari siku ile. Daktari alikuwa ameongeza kwamba namba isiposhuka kwa miezi mitatu mingine, mpira utarudi kooni, na kuna dawa kali zenye makucha yake. Na kwamba utumbo ukiendelea kuchubuka, damu na mifupa vitadai haki yao. Wakiwa barabarani Ulimi alitembea hatua mbili mbele.

"Mimi nakula nyumbani tu," alisema bila kugeuka. "Sinunui kitu njiani. Wewe mwenyewe unajua."

"Sema unalotaka kusema."

"Sijasema kitu."

"Umesema. Umesema kwa shingo mbele ya daktari."

"Labda mkono umeteleza siku moja. Mtu huchoka. Sikulaumu."

Fundi alisimama. Ingekuwa heri alaumiwe kuliko kusamehewa kosa ambalo hakulitenda.

Wifi naye alipopata habari hakupoteza muda. Alipiga simu. "Wifi, mimi sisemi kitu, lakini watu wanauliza. Si jiko ni lako peke yako, na kaka yuko mikononi mwako?"

"Ndiyo, yuko mikononi mwangu."

"Haya. Mimi sijasema kitu."

Familia nzima ilikuwa haisemi kitu, na kila mtu alikuwa amekisikia.

Nguo ikivuta begani, fundi mzuri halaumu bega. Anaigeuza ndani nje, anafumua mshono mmoja mmoja mpaka aukute uliokosewa. Fundi akafanya hivyo. Akabadilisha duka la unga wa mahindi, kwa kuwa vinu vingine husaga ngano na mahindi kwa jiwe moja. Akabadilisha chumvi, viungo, hata dawa ya meno. Akafua mataulo ya jikoni kila siku. Kilichobaki ni kiwandani, lakini hilo Ulimi alishalimaliza mwanzoni kabisa: "Biskuti haishuki kooni kwangu tena, hilo futa." Naye akalifuta, akidhani kuonja nako kumekwisha. Mume akisema hivyo, utamchungulia koo?

Lakini mshono ni mshono. Siku ya Jumatano alikuwa na suruali za sare za walinzi wa kiwanda, kumi na mbili, alizopewa kuzitia viraka. Badala ya kumpa Ulimi azibebe kama kawaida, akazipeleka mwenyewe, na chakula cha mchana cha mume kwenye kopo juu yake.

Mlinzi alifurahi kuona sare. Akamvika kofia ya wavu, akampeleka kwa kupitia ukumbi wa upakiaji, ambako hewa yenyewe ilikuwa tamu na unga umekaa juu ya vizingiti vya madirisha. Mwisho wa ukumbi kulikuwa na chumba chenye ukuta wa kioo. Ndani, mezani, sahani zimepangwa na namba zake, glasi ya maji ya vuguvugu, ndoo nyeupe, na Ulimi katika koti safi.

Alichukua biskuti akaivunja karibu na sikio, akausikiliza mlio. Akatia nusu mdomoni. Akatafuna taratibu, kafumba macho, uso umetulia kama wa mtu anayesikia jina lake likitajwa vizuri. Akatema kwenye ndoo. Akasukutua, akatema tena, akaandika. Akachukua ya pili.

Fundi alisimama pale mpaka ya tano. Hakugonga. Ulimi alipofumbua macho kabla ya ya sita akamwona mke wake upande wa pili wa kioo, kofia ya wavu kichwani, kopo la wali mkononi.

Alitoka nje akipangusa midomo.

"Umekuja bila kusema."

"Unakula biskuti."

"Sili," alisema, na kilichomchosha Fundi kuliko yote ni kwamba alisema kwa moyo mweupe kabisa. "Naonja. Natema yote, ndoo ile pale. Nilikwambia haishuki kooni, na haishuki."

"Ngapi kwa siku?"

"Inategemea. Thelathini. Arobaini kukiwa na oda."

"Arobaini."

"Fundi, kuonja si kula. Hata mpishi aliyefunga huonja chumvi kwa ncha ya ulimi akatema, na funga yake iko palepale. Au uongo?"

"Si uongo. Mpishi yule shauri lake liko kwa Mungu, na Mungu anaona nia. Utumbo wako una macho ya kuona nia? Unaona unga tu. Na chembe ngapi zinabaki kwenye meno, zinateremka na mate? Wewe mwenyewe unaweza kuonja chumvi ya jana kwenye biskuti ya leo, halafu unaniambia mdomo wako umetoka mtupu?"

Ulimi alitazama ndoo.

"Daktari alikuuliza kazi yako," alisema Fundi.

"Nilimwambia niko upande wa ubora."

"Ubora." Fundi alivuta pumzi. "Nimetupa mwiko wa mama yangu. Nimemtoa dada yako mlangoni na keki yake. Nimekuwa askari wa jikoni miezi sita, na sasa mchawi, wewe unatafuna arobaini kwa siku umefumba macho."

"Nikiiacha meza hii mimi ni nani humu?" Alisema kwa sauti ya chini. "Wananiita Ulimi. Hawaniiti jina langu. Hata msimamizi halijui."

Hapo Fundi alimwonea huruma, na huruma ikamkasirisha zaidi, kwa kuwa hasira yake ilikuwa haijamaliza kazi. "Wakikuzika watalisoma kwenye karatasi," alisema. "Chagua sasa hivi, nikiwa nimesimama. Na utakwenda kusema wewe, si mimi."

Msimamizi, kijana mwenye kalamu sikioni, alikuwa ameshakaribia. "Shemeji, karibu. Kuna tatizo?"

Fundi akarudi nyuma hatua moja, akampisha mumewe. Ulimi akakohoa.

"Mimi ni mgonjwa," alisema Ulimi. "Ngano hainifai. Hata kuonja. Nitolewe mezani."

Msimamizi alishangaa, lakini si kwa jinsi Ulimi alivyotarajia. "Mzee wangu, mbona hukusema toka mwanzo? Kwenye stoo ya makopo nje kule hakuna unga, wanataka mtu mzima. Na meza hii, wapo watatu wanaililia kila siku."

Watatu. Ulimi alimeza neno hilo, na hilo halikutemeka. Alivua koti, akalikunja, akaliweka juu ya kiti.

Jioni wifi alikuwa ameshafika, kaja kusikiliza. Fundi aliketi kwenye cherehani, akatia pini midomoni ili asije akasema lolote. Ulimi akaeleza mwenyewe, amesimama, mikono nyuma kama mwanafunzi: sahani, ndoo, arobaini.

Wifi alifikiri. "Lakini si alikuwa anatema?"

Fundi alitoa pini moja moja akazichoma kwenye kitambaa.

"Dada," Ulimi alisema, "nyamaza. Kosa langu. Waambie na wale wote uliowapigia simu."

"Mimi sikumwambia mtu."

"Basi waambie wote hao ambao hukuwaambia."

Wifi akatazama sakafu. "Nisamehe, wifi," alisema, nusu ya sauti, lakini ilisikika.

"Nimesikia," alisema Fundi. "Sasa sikilizeni nyote wawili. Mpaka kipimo kijacho, miezi mitatu, mkono wangu hautagusa sufuria ya mtu huyu. Anapika mwenyewe, anaosha mwenyewe, anasoma pakiti mwenyewe. Namba ikishuka ni yake. Ikikataa kushuka, ni yake."

"Mimi sijui kupika," alisema Ulimi.

"Una ulimi. Anza na huo."

Akaingia jikoni. Sufuria zikagongana, kitu kikaanguka, mtu akalaani.

"Fundi, wali una ngano?"

"Hauna."

"Mafuta?"

"Hayana."

"Hiki cha njano kwenye pakiti?"

"Kisome."

"Maandishi madogo."

"Miwani yangu iko kwenye droo."

Droo ikavutwa. Kisha sauti ya mwanamume ikaanza kusoma kwa kuburuta, neno kwa neno: chumvi, manjano, kitunguu cha unga, wanga wa... Akasita. "Wanga wa nini? Hapa pamekunjwa."

Wifi aliinuka nusu ili akamsaidie. Fundi alimshika mkono akamkalisha.

"Mwache apakunjue," alisema, akakanyaga cherehani.