Saa ya Bibi Kikohozi

Bibi Kikohozi alizimika Jumatatu asubuhi, mbele ya mama na miche elfu tatu ya nyanya. Hakuwa mtu, ilikuwa kompyuta. Jina tulimpa sisi watoto kwa sababu feni yake ilikohoa tangu niko shule ya msingi. Kazi yake ilikuwa moja tu, kufungua na kufunga maji kwenye kitalu cha mama, kwa programu aliyoiandika marehemu baba miaka ishirini na sita iliyopita.

Kaka alinipigia simu kabla sijashuka kwenye basi lililonileta kwa mama. "Tupa hilo bati. Ijumaa naleta kifaa kipya, kinajiendesha chenyewe." Kaka yangu ana mkono mwepesi wa kutupa vitu vya wenzake, vyake hata soksi iliyotoboka anatunza.

Mama hakubishana naye. Alinipokea begi, akaniambia taratibu, "Mwanangu, nguo za baba yako nimezigawa, baiskeli imechukuliwa. Kazi ya mikono yake iliyobaki inatembea ni hiyo. Nijaribie, kabla ya Ijumaa."

Basi nikajaribu. Mimi kuandika programu ndiyo kazi yangu, na kazini sina huruma na vitu vya kale. Diski ilikuwa nzima, nikanakili vyote vilivyokuwamo. Kompyuta yangu mpya ilivikataa katakata, haikuvielewa hata kidogo. Nikaweka emuleta, yaani programu inayojifanya kompyuta ya zamani ndani ya kompyuta mpya. Humo ndani programu ya baba ikaamka, na ile aliyotumia kuiandikia nayo ikaamka, na kioo chake cha buluu kilekile. Nikaunganisha waya wa mabomba, nikalala nikijisifu.

Jumanne saa sita mchana, jua la utosi, mabomba yakafunguka. Maji yaliyolala kwenye mipira myeusi yalikuwa ya moto. Trei mbili za miche zililegea palepale, nami nikachomoa waya mbio huku nikijitukana.

Nikafungua maandishi ya baba. Mstari ulikuwa wazi: SAA 12, FUNGUA MAJI. Kila saa ikifika kumi na mbili, mara mbili kwa siku. Kwa kompyuta, kumi na mbili ni katikati ya mchana na usiku wa manane.

"Mama, baba alikosea," nikasema. "Kaagiza maji yafunguliwe kwenye jua kali. Nabadilisha, naweka sita ya kompyuta, yafunguke asubuhi na jioni."

"Miaka ishirini na sita alikosea, na miche ikaota?"

"Imeandikwa hapa, mama."

Akanuna. Mama akinuna hagombi na mtu, anaosha sufuria ambazo tayari ni safi. Nilimsikia jikoni akizisugua, na ukweli ni kwamba niliona aibu, lakini kichwa changu kigumu, nimekirithi kwa marehemu. Siku ile mama alimwagilia kwa ndoo.

Jumatano asubuhi alikuja na vikombe viwili vya chai, akaviweka mezani, akainama kwenye kioo. Pembeni palisomeka 10:05, saa ya kompyuta yangu mpya.

"Na hii saa yako nayo mbovu," akasema. "Inasema saa kumi, na chai ya saa nne hata hatujainywa. Bibi Kikohozi hakuwa hivi. Ulikuwa unamtazama, unajua saa."

Nikabaki na kidole hewani, juu ya kitufe cha kufuta ile kumi na mbili.

Saa ya Bibi Kikohozi! Sote tulisema imeharibika, imebaki nyuma saa sita. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili niliirekebisha ili nimfurahishe baba. Ndiyo siku pekee aliyowahi kunifokea, na hakunieleza kwa nini. Sasa nikashusha maandishi yake hadi chini kabisa, mahali ambapo mashine haisomi, anasoma mtu tu. Palikuwa na mistari miwili:

SAA USIIGUSE. MAMA WATOTO ANAHESABU KUANZIA JUA LINAPOTOKA.
ASIJIFUNZE YEYE. MASHINE IJIFUNZE.

Nikamsomea mama. Akakaa kwenye kiti, kitambaa cha vyombo bado mkononi.

"Kumbe nyingine hazijui?" akauliza. "Mimi nilidhani kompyuta zote zinajua saa."

"Hazijui, mama. Ni yako tu."

Nilikuwa nimempa marehemu kosa ambalo ni langu. Ile kumi na mbili nikaiacha ilivyo. Nikaiambia emuleta irudishe saa nyuma kwa saa sita, kazi ya dakika moja, kisha nikauchomeka tena waya wa mabomba.

Kaka akapiga simu mchana. "Umelipata kosa?"

"Nimelipata. Ni langu. Hicho kifaa chako usilete."

Jioni mama alichukua kigoda, akakaa mbele ya kompyuta yangu kama alivyokaa mbele ya ile nyingine miaka yote. Kioo kikasoma 12:00. Nje mabomba yakakoroma, kisha maji yakaanza kunyesha juu ya trei, ya baridi.

"Saa kumi na mbili kamili," akasema mama. Halafu, kwa sauti ya kumjibu mtu aliye chumba cha pili, "Haya, baba watoto. Nimeona."