Kijiti Juu ya Nyasi

Jina la kaka yangu silitaji, kwa hiyo usijisumbue kuliuliza. Kwetu, msichana akishavunja ungo, yeye na kaka yake hawaitani majina, hawasemezani, wala hawapeani kitu mkono kwa mkono. Si ugomvi. Ni heshima, na hatuna heshima kubwa kuliko hiyo. Mama yake na mama yangu ni tumbo moja, basi huyo ni kaka yangu kabisa, na sijasema naye tangu nina miaka kumi na miwili.

Sasa chukua watu wawili wa namna hiyo, wapandishe ndege kutoka kisiwani kwetu kaskazini, washushe kwenye shule ya bweni mjini Adelaide, kusini kabisa mwa nchi, kwenye baridi ya kutafuna mifupa, halafu mwalimu wa riadha awaweke timu moja ya kupokezana vijiti. Yeye wa tatu, mimi wa nne.

Wa kwanza alikuwa Anton, mvulana mpole sana. Wa pili Bridget, binti wa wakulima wa ngano, mdomo wake haujui likizo. Mazoezini tulidanganya. Kaka yangu alipokaribia alikitupa kijiti pembeni, nami nikakiokota, tukajifanya kimeponyoka. Mwalimu Lidgard alifoka mpaka shingo ikaiva.

Siku ya mashindano ya kwanza kutupa kijiti hakukuwezekana, maana waamuzi walikuwa wametukodolea macho. Kaka yangu alitoka kwenye kona tukiwa tunaongoza kwa hatua sita. Akasimama ghafla mbele yangu, akainama, akakilaza kijiti juu ya nyasi taratibu, kama mtu anayelaza mtoto mchanga. Nikakiokota, nikakimbia, nikafika wa kwanza. Tukafutwa, maana kijiti lazima kipokewe mkono kwa mkono. Wazazi wa watu walicheka mpaka wakashikana mabega, na mimi nilitamani ardhi inimeze.

"Mmegombana?" Mwalimu Lidgard aliuliza.

Kaka yangu alikuwa anatazama viatu vyake. "Hapana, Mwalimu. Kosa ni langu peke yangu."

"Basi utalibeba peke yako."

Jumatatu aliondolewa kwenye timu. Ilisemwa kwamba Jumatano ataitwa kwa mkuu wa shule, na hapo nikaelewa. Sote wawili tuliletwa pale kwa nafasi za ufadhili wa riadha. Bila timu hana kitanda, na bila kitanda anarudi kisiwani mwezi wa sita, darasa la mwisho hajalimaliza. Na yeye ndiye aliyetaka shule kuliko mimi. Alitaka kuwa rubani wa zile ndege ndogo zinazobeba wagonjwa wetu.

Nikampigia mama.

"Wanamrudisha nyumbani," nikasema.

"Nani?"

"Mwanao."

"Kafanya nini?"

"Kaniheshimu."

"Sasa wewe umekaa hapo na simu unangoja nini?"

"Naona aibu, mama. Nitasemaje habari zake mbele ya wazungu?"

"Jina lake usilitaje. Mengine yote sema."

Jumatano niliingia ofisini bila kuitwa. Kaka yangu aliponiona aligeuza kiti kikaelekea ukutani. Bi. Osterley, mkuu wa shule, akakunja uso.

"Unaona adabu hiyo?" Mwalimu Lidgard akamwambia.

"Hiyo ndiyo adabu yenyewe," nikasema. Nikawaeleza. Huyu ni kaka yangu. Hatusemi, hatupeani kitu. Angeniwekea kile kijiti mkononi, angekuwa amenivunjia heshima mbele ya watu mia tatu, na habari ingefika nyumbani kabla yetu. Alichagua kuchekwa yeye.

Bi. Osterley aliweka kalamu chini. "Binti, hapa shuleni kuna sheria."

"Na kwetu ipo, Bibi. Tena ya kwetu ilikuwepo kabla shule haijajengwa."

Mwalimu Lidgard alikuwa ameshika kiuno. "Miezi mitatu. Kwa nini hamkuniambia?"

"Uliuliza kama tumegombana, Mwalimu. Hatukugombana."

Kule ukutani nikasikia mtu anakohoa. Namjua kaka yangu. Alikuwa anacheka.

"Mweke yeye wa kwanza," nikasema haraka, kabla ujasiri haujaniishia. "Bridget wa pili, Anton wa tatu, mimi wa nne. Tujaribu mara moja tu. Tukiwa wazembe kuliko mwanzo, turudishe sote wawili."

Hilo la sote wawili sikuwa nimelipanga. Lilinitoka tu. Kiti kilichoelekea ukutani kilitikisika.

Bi. Osterley alikubali, na jioni ile tulikimbia. Bridget, baada ya kuelezwa, aliguna. "Kumbe. Mimi nilidhani kaka yako ananuka tu. Mimi na kaka yangu tungekuwa na sheria hiyo, mama yetu angepata usingizi." Mwalimu Lidgard alitazama saa yake, akaipiga kwa kidole, akaitazama tena. Kaka yangu, ambaye miezi mitatu alikuwa anapunguza mwendo kila akinikaribia, safari hii hakuwa na mtu wa kumwogopa mbele yake. Tulikuwa tumepunguza karibu sekunde nzima.

Fainali ya msimu tulikutana na shule saba. Yeye aliondoka kama amefunguliwa kamba. Bridget alilinda, Anton akapoteza kidogo, na kijiti kilipogusa kiganja changu walikuwa wawili mbele yangu. Mmoja nilimpata kabla ya katikati. Wa pili nilimsikia anavyohema, kisha sikumsikia tena. Nilikata utepe huku nalia, na sioni haya kusema.

Tukapangwa jukwaani kwa haraka, sukuma huku, vuta kule, nikajikuta bega kwa bega na kaka yangu. Mgeni rasmi akamkabidhi kombe. "Haya, mpe dada aliyemaliza, alinyanyue," akasema kwenye kipaza sauti, na uwanja mzima ukapiga makofi.

Kaka yangu alisimama nalo. Makofi yakaanza kupungua. Mimi nilitazama mbele, jasho linanikauka mgongoni, sijui nifanye nini.

Ndipo Mwalimu Lidgard aliporuka kamba iliyozuia watazamaji. Yule yule aliyekuwa akitufokea mazoezini, na kitambi chake, alipanda jukwaani kwa mikono na magoti. Akalichukua kombe mikononi mwa kaka yangu, akageuka, akanikabidhi mimi. Kisha akajipenyeza katikati yetu na kusimama pale, kifua mbele, anahema.

Mpiga picha alimpungia mkono ashuke. "Bwana, tunataka wakimbiaji peke yao."

"Piga hivyo hivyo," Mwalimu Lidgard akasema. "Mimi sitoki hapa."