Wahabu Aliposema Simama

Rashida alikuwa hajakaa vizuri kwenye benchi alipoiona cherehani yake jukwaani. Yake, wallahi! Ile ya mkono, yenye mpini ambao marehemu mumewe, Isa, aliufunga kitambaa cha buluu siku ulipopasuka. Sasa iko juu ya meza katikati ya uwanja wa Koboko, inachezewa maigizo, na yeye mwenyewe anashona sare za shule kwa sindano ya mkono mpaka vidole vimejaa matundu.

Aliyeichukua ni shemeji yake, Wahabu. Aliibeba siku ya tatu baada ya maziko ya kaka yake, ati anaitunza mpaka eda iishe. Eda ikaisha. Idi nayo ikaja ikapita. Kila Rashida alipokwenda kuuliza, jibu lilikuwa lile lile: "Mashini iko salama kwangu. Ngoja wazee wakae, nitakupa mbele ya watu." Wazee gani hao wasiokaa miezi minane, kwani wana majipu?

Na leo Wahabu alikuwa mstari wa mbele, kwenye kiti cha plastiki cha mgeni wa heshima. Kundi la maigizo kutoka Arua lilisahau cherehani yao huko kwao Mvara, naye, mtu mwenye huruma, akawaazima. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu. Bila cherehani ile, wazazi wangepeleka vitambaa kwa fundi mwingine, na wakishazoea huko hawarudi.

Mkuu wa kundi, Gustave, Mkongo ambaye tumbo lake lilipanda jukwaani kabla yake, akaeleza sheria. "Hii mchezo si ya kuangalia tu na kwenda nyumbani. Mutu akiona jambo mubaya, apige kelele: Simama! Sisi tunasimama. Halafu anaingia pahali pa mutu anataka, anabadilisha maneno. Na sisi wote tunamufuata vile anafanya. Hiyo ndio sheria."

Sheria ilikuwa nzuri, ila imekuja mtaa mbaya. Watu wa pale ni watoto na wajukuu wa askari. Wameanza kusikia amri tangu wako matumboni mwa mama zao. Mchezo ukaanza. Estelle, mwigizaji wa kundi, akawa mjane anayelia, Gustave akavaa koti jeusi akawa shemeji anayemnyang'anya cherehani. Pasca, jirani yake Rashida, hakuvumilia hata dakika tano.

"Simama!"

Uwanja mzima ukasimama. Wazee na fimbo zao, akina mama na watoto migongoni, kifua mbele, kimya.

"Si nyinyi!" Gustave akapiga kelele. "Mimi! Mimi ndio nasimama!"

"Lakini wewe umesimama tangu asubuhi," mzee mmoja akamjibu.

Wakakaa, wakicheka. Pasca akapanda jukwaani akamzaba Gustave kofi ambalo halikuwa la kuigiza hata kidogo, akashuka ameridhika. Wakaja wengine wawili kwa zamu, wakahubiri. Kila likitoka neno lile, watu wote juu. Magoti yalianza kulalamika, lakini nani awe wa kwanza kubaki ameketi?

Wahabu alifurahi kuliko wote. Alikuwa anapiga paja, anamzomea Gustave: "Rudisha mashini ya mjane, mwizi wewe! Huna haya?" Watu wakatazamana. Rashida akahisi damu inampanda kichwani. Huyu mtu ana uso kweli, au amejifunika ngozi ya kiatu?

"Simama!"

Hakujua kuwa ni sauti yake mpaka alipoona watu wameinuka na wote wanamwangalia yeye. Ameshalitamka neno, arudi wapi tena? Akapanda. Estelle akamfunga kitenge cha mjane kiunoni, akamnong'oneza, "Usiogope, mama. Sema tu vile iko rohoni."

"Shemeji," Rashida akamwambia Gustave, "naomba mashini yangu."

"Iko salama," Gustave akajibu, akikaza koti. "Tungoje kwanza wazee wakae."

"Wazee ni hawa hapa. Tangu asubuhi wamekaa mara nne na wamesimama mara nne. Na ulitaka mbele ya watu. Watu ni hawa."

Uwanja ukaangua kicheko. Gustave akaikumbuka sheria yake mwenyewe. Akanyoosha mikono kuelekea mezani, kama mtu anayekaribisha wageni chakula. Rashida akafungua kitenge, akakiviringisha kiwe kata, akajitwika cherehani akashuka. Makofi yakapigwa. Wahabu naye akapiga, kwa nguvu, mpaka alipomwona mjane ameyapita mabenchi ya mwisho na anashika njia ya nyumbani.

"We! Simama!"

Wahabu hajawahi kuwa jeshini hata siku moja. Babake ndiye aliyekuwa sajini, naye alirithi sauti tu, lakini sauti yenyewe ilikuwa sauti! Miguu ya Rashida ikaganda. Nayo ililelewa mtaa ule ule. Loo, miguu yangu mwenyewe inaniuza! Cherehani ikamlemea shingoni, akangoja mkono wa Wahabu uishike.

Mkono haukuja. Akageuka polepole. Uwanja mzima ulikuwa umesimama, bega kwa bega, na Wahabu amebaki upande wa pili, karibu na jukwaa, hana pa kupenya.

"Simama!" akanguruma tena, na wale wachache waliokuwa wamechelewa nao wakainuka. "Kaeni! Kaeni chini!"

"Hiyo haiko kwa sheria," Pasca akasema, wala hakusogea.

Gustave akashuka jukwaani. Akavua koti jeusi, akamnyooshea Wahabu kwa heshima zote. "Mzee, umeita simama. Karibu, ingia. Unataka pahali pa nani?" Akaliangalia koti, akamwangalia Wahabu kuanzia mabegani mpaka chini. "Mimi naona hii itakutosha."

Kicheko kikafika mpaka barabarani. Rashida akaiweka sawa cherehani kichwani, akaipa mgongo Koboko yote iliyosimama. Wahabu aliita tena mara mbili. Rashida hakusimama mpaka mlangoni kwake.